Samaki wa Tanganyika ndani ya tangi la kioo

Leo tunazungumzia samaki wa mapambo, hasa wale wa Ziwa Tanganyika.

Kabla ya kuchagua samaki, chunguza maji yako. Ziwa hili lina maji magumu, pH yake hukaribia 9. Kama maji ya kwenu ni laini, chagua samaki wengine.

Yupo mmoja mfupi kuliko kidole chako cha kati, anayeishi ndani ya gamba tupu la konokono. Mwekee mchanga laini na magamba kadhaa, kisha kaa umtazame. Anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anarudi tena, mpaka gamba linazama na kubaki mlango tu. Akishtuka, kufumba na kufumbua ameshaingia. Hata mayai hutagwa humo. Mimi sijachoka kumtazama.

Tropheus, samaki mwingine wa ziwa hili, yeye hula mwani. Usimpe nyama, tumbo linaweza kumvimba na akafa.

Lakini kinachoua samaki wengi ni haraka ya mfugaji. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha kuondoa amonia itokanayo na taka za samaki. Washa chujio, tia chembe chache za chakula kila siku, subiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kutia samaki. Sponji ya chujio usiioshe kwa maji ya bomba, maana klorini huua bakteria hao. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Ukishindwa kuwafuga, tafadhali usiwamwage mtoni. Wapeleke kwa mfugaji mwingine.