Nchi Tatu Ndogo za Ulaya na Ushirika Wao

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya mwaka wa kumi



Nimeombwa niseme machache juu ya ushirika wa mataifa. Nimechagua Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, nchi tatu ndogo ambazo muungano wao huitwa Benelux, jina lililofumwa kwa vipande vya majina yao.

Msidhani kuwa zilipendana tangu kale. Ubelgiji ilijitenga na Uholanzi kwa mapigano ya mwaka 1830, na bandari za Antwerp na Rotterdam zimegombea mizigo miaka mingi. Luxembourg nayo, ilipoacha umoja wa forodha wa Ujerumani, iliwauliza raia wake mwaka 1919, na wengi wakachagua Ufaransa. Ufaransa ikakataa, ndipo mwaka 1921 ikafunga mkataba na Ubelgiji. Ilikuwa posa ya pili, lakini ndoa ikadumu.

Mwaka 1932 zote tatu ziliafikiana huko Ouchy kupunguziana ushuru kidogo kidogo. Uingereza ikapinga, ikidai nayo ipewe nafuu hiyo hiyo kwa mujibu wa mikataba yake, na mapatano yakafa kabla ya kutumika. Kisha, tarehe 10 Mei 1940, majeshi ya Ujerumani yakazivamia zote siku moja. Serikali zao zilizokuwa uhamishoni zikatia sahihi mkataba wa forodha mjini London tarehe 5 Septemba 1944, siku mbili tu baada ya Brussels kukombolewa. Mkataba ukaanza kutumika Januari 1948.

Niruhusuni nikae kidogo juu ya kilimo, maana hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mholanzi aliweza kuuza mazao yake kwa bei nafuu, kwa kuwa serikali yake ilizuia mishahara na kodi za mashamba zisipande. Mkulima wa Ubelgiji, ambaye gharama zake zilikuwa kubwa, aliona mpaka ukifunguliwa atafilisika. Kwa hiyo mwaka 1947 walipatana kwamba kila nchi iweze kuweka bei ya chini kabisa, na mazao ya jirani yasiingie kwa bei iliyo pungufu ya hiyo. Wako wanaoliona jambo hili kuwa doa. Mimi naona bila hilo wakulima wasingeukubali muungano. Ingawa, tuseme kweli, aliyelipa ni mnunuzi wa mjini.

Mkataba mkubwa wa uchumi ulitiwa sahihi The Hague tarehe 3 Februari 1958. Luxembourg ilikuwa na watu kama laki tatu, Uholanzi milioni kumi na moja. Hata hivyo katika Kamati ya Mawaziri kila nchi ilipewa kura moja, na uamuzi ukahitaji ridhaa ya wote. Wajumbe wa vyama vinavyoleta magunia machache watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine.

Mkataba huo uliwekwa kwa miaka 50, ukafanywa upya mwaka 2008. Na ule mfereji wa kuunganisha Antwerp na mto Rhine, unaopita katika ardhi ya Uholanzi, ulipatanwa mwaka 1963, ukafunguliwa mwaka 1975. Ubelgiji ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama.