NAFASI KATI YA RELI
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya mapumziko. Najua wengine watacheka, wakisema chama ni cha kudai mishahara, si cha kufundisha watu kupumzika. Nawaomba mnisikilize kwanza, kisha mcheke.

Mimi ni mtu wa genge. Sisi tuitengenezao njia ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, tunajua jambo hili. Reli mbili zinapoungana, huachwa nafasi ndogo katikati. Kwa nini? Kwa sababu chuma kikipata joto la mchana huongezeka urefu. Kikiwa na nafasi, hapana taabu. Kikikosa nafasi, reli hupinda kama nyoka, na gari likija huacha njia. Nafasi ile si uvivu wa genge. Ni sehemu ya njia.

Mwanadamu naye ni hivyo hivyo. Joto letu ni zamu ya usiku, karo ya watoto, kodi ya nyumba, habari ya mgonjwa kutoka nyumbani, na mkubwa wa kazi apigaye kelele. Mambo haya hayataisha leo. Lakini asiyejiachia nafasi hupinda. Twamwona: akiingia nyumbani watoto hunyamaza, na mama watoto akiuliza neno dogo hujibiwa kwa ukali. Kazini macho yako wazi lakini akili haipo. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa akili kama aliyekunywa pombe. Hebu fikirini pointimani wa namna hiyo, na gari la abiria linakuja.

Wengine husema dawa ni chupa. Sikuja hapa kumhukumu mtu. Lakini bia huleta usingizi upesi, kisha huukatakata usiku kucha, nawe waamka umechoka zaidi na mfuko mtupu. Hiyo si nafasi, ni deni.

Basi nitataja mambo madogo ambayo kila mmoja wetu aweza kuyafanya.

Kwanza, pumua. Kabla ya kufungua mlango wa nyumba yako, simama kidogo. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Fanya hivyo mara kumi. Moyo uliokuwa ukienda mbio utatulia.

Pili, tembea. Ukipanda matatu, shuka kituo kimoja kabla ya kwako, umalizie kwa miguu. Usiende kama anayefukuzwa. Tazama miti, salimu watu. Maneno ya kazini yaache njiani.

Tatu, cheza. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Drafti huchezwa hata kwa vifuniko vya chupa juu ya kipande cha ubao. Mtu anayehesabu kete hana nafasi ya kuhesabu madeni. Lakini msicheze kwa fedha, maana hapo mtakuwa mmerudi kwenye joto lile lile.

Nne, gusa udongo. Asiye na shamba ajaze gunia udongo, apande sukuma wiki. Kumwagilia maji jioni hutuliza moyo, na mboga utakula.

Tano, lala sawasawa. Ewe wa zamu ya usiku, ukirudi asubuhi funika dirisha kwa blanketi, maana mwanga huufukuza usingizi. Chai ya rangi iache mpaka utakapoamka. Waambie watoto wacheze mbali kidogo.

Sita, na hili nalisema kwa wanaume. Dada zetu wakitoka zamu huanza zamu ya pili jikoni. Wao watapumzika saa ngapi? Baba, chota maji, osha vyombo, mwogeshe mtoto. Haki tunayoidai kwa mwajiri isikomee mlangoni pa nyumba zetu.

Sasa msije mkadanganywa. Kupumua vizuri hakuongezi mshahara, na bao halimalizi dhuluma. Mwajiri akikwambia, "Nenda ukatembee, utapata nafuu," hali amekunyima siku yako ya mapumziko, huyo anakucheza. Tangu mwaka 1919 mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi la Kimataifa uliweka mpaka wa saa nane kwa siku na saa 48 kwa juma katika kazi za viwandani. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili. Hiyo si zawadi ya mtu. Anayenyimwa na alete habari kwa mwakilishi wake, na tarehe ameziandika.

Tulifundishwa shuleni kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Siipingi methali hiyo. Nasema tu kwamba mtu aliyechoka kupita kiasi hafanyi kazi wala hachezi, anangoja ajali.

Bwana Mwenyekiti, naleta maombi mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza, tawi linunue bao moja na mabenchi mawili, yawekwe kivulini karibu na ofisi ya chama. La pili, tuwaandikie wakubwa kwamba orodha ya zamu ibandikwe siku saba mbele, ili kila mtu ajue siku yake ya kupumzika na siku yake ya kuwa na watoto wake. Naomba yapigiwe kura leo, kabla hatujatawanyika.