Ghorofa likisimama, nani ajieleze?

(Mada niliyoiwasilisha kwenye kikao cha vijana hapa Dodoma. Nimeiweka kama nilivyoisema, nimepunguza tu maneno ya hapa na pale.)

Nimeambiwa nina dakika kumi za kuzungumzia sheria. Najua neno hilo linaleta usingizi, hasa baada ya ubwabwa, kwa hiyo nitazungumzia maghorofa.

Wengi wenu mmeshafika Dar. Pale Morocco, na kule Kawe, Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lilianzisha miradi miwili mikubwa katikati ya miaka ya 2010. Morocco Square ni minara ya ofisi, hoteli, maduka na nyumba za kuishi. Kawe ni mradi unaoitwa 711, minara yenye nyumba 422. Ilipofika 2018 kazi ikasimama. Si mwezi mmoja wala miwili, ni miaka! Minara ya Kawe ikabaki mifupa ya zege. Mtu akijenga akaishia kwenye lenta huwa tunasema ana pagale. Basi lile nalo lilikuwa pagale, ila hili ni la shirika la umma, yaani langu na lako.

Kwa nini lilisimama? Udongo haukuwa mbaya, na mafundi hawakukosekana. Shirika la umma haliendi benki kama mimi na wewe tunavyokwenda kukopa. Lazima Serikali iridhie. NHC ilihitaji kukopa zaidi ili imalizie, ruhusa haikutoka. Alipoingia Rais Samia, ruhusa ikatoka, mafundi wakarudi, Morocco Square ikamalizika na Kawe kazi ikaanza tena.

Hapo ndipo mimi kama mwanafunzi wa sheria nashtuka. Kati ya kukataa na kukubali, ni sheria gani iliyobadilika? Ni ile ile. Kilichobadilika ni mtu.

Angalieni na uongozi wa shirika lenyewe. Nehemia Mchechu aliongoza NHC tangu 2010. Mwishoni mwa 2017 akasimamishwa. Mwaka 2022 akarudishwa kwenye kiti kile kile, na 2023 akateuliwa kuwa Msajili wa Hazina, anayesimamia mashirika yote ya umma. Simhukumu na simtetei. Nauliza tu: kama alistahili kuondolewa, alirudije? Na kama hakustahili, hasara ya miaka ile anailipa nani?

Sasa tusidanganyane. Sisi upinzani tuna tabia ya kuona kila mradi uliokwama ni wizi. Sikubaliani. Serikali ya awamu ya tano inawezekana ilikuwa na hoja nzuri. Nyumba za Kawe si za mama ntilie wala bodaboda. Kuuliza kwa nini shirika lililoanzishwa 1962 kumpa mwananchi wa kawaida makazi linakopa mabilioni kujengea wenye nazo, hilo ni swali halali kabisa. Hata kuogopa deni ni halali. Mimi mwenyewe pengine ningezuia.

Lakini ukizuia, andika. Sema kwa nini, kwa muda gani, na wale walioshaingia mkataba watafanywaje. Maana mradi ukisimama gharama hazisimami nao. Riba ya benki inaendelea usiku na mchana, Jumapili na Idi. Mkandarasi uliyemzuia kufanya kazi anakudai fidia, na Sheria ya Mikataba inampa haki hiyo. Nondo zilizoachwa wazi karibu na bahari zinashika kutu. Walinzi wanalipwa kulinda pagale. Kwa hiyo aliyesema "simamisha" hakuokoa hela kwa neno hilo peke yake. Inawezekana aliongeza bili. Tungejua tu kama angeweka hesabu mezani.

Halafu kuna mnunuzi. Nyumba za Kawe zilianza kuuzwa kabla hazijakamilika. Mtu anatoa malipo ya awali kwa kuangalia picha. India, mwaka 2016, walitunga sheria inayomlazimu mjenzi kuweka asilimia 70 ya hela za wanunuzi kwenye akaunti ya peke yake, itumike kwa mradi ule ule tu. Sisi miaka yote minara ile imesimama hatukuwa na sheria mahususi ya biashara ya milki. Mnunuzi anabaki na mkataba wake mkononi na njia ya mahakamani, peke yake.

Mtaniuliza, "Dada, sisi wa Dodoma Kawe inatuhusu nini?"

Inatuhusu kuliko wote. Mji huu wenyewe ulikuwa mradi uliosimama. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa. Ikaundwa CDA mwaka huo huo. Waulizeni wazee wenu wa Kigogo viwanja vyao viliendaje. Miaka zaidi ya 40 ikapita, mawaziri wanakuja kwa ajili ya Bunge, wanarudi Dar. Kila rais alikuja na kasi yake. Sheria ya Bunge inayosema Dodoma ni makao makuu ya nchi imepatikana lini? 2018. Yaani kwa miaka 45 mji mkuu ulining'inia kwenye uamuzi wa chama na utashi wa mtu aliyeko Ikulu.

Leo tazama Mtumba: wizara zinapanda, na baadhi ya majengo yale yamejengwa na NHC hiyo hiyo. Napenda kuona mji wetu unakua. Lakini ni nini kinachozuia rais ajaye asiseme "simamisha" bila kumweleza mtu? Leo hakuna.

Wenzetu Nairobi nao wana la kwao. Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa The Pinnacle pale Upper Hill, liwe ghorofa refu kuliko yote Afrika. Likakwama. Lakini pale sababu inajulikana: mgogoro wa ardhi uliofikishwa mahakamani, watu wanabishana wazi, jalada lipo. Mkwamo wa mahakamani una wenyewe. Mkwamo wa ruhusa isiyotoka hauna mwenyewe, na ndiyo maana hauna wa kumuuliza.

Kwa hiyo vijana, nataka tutoke hapa na mambo matatu.

Moja, kudai sheria kwamba mradi wa umma ukisimamishwa, aliyesimamisha atoe sababu kwa maandishi bungeni ndani ya muda maalumu, pamoja na hesabu ya hasara.

Mbili, kudai sheria ya milki inayolinda hela ya mnunuzi.

Tatu, hili halisubiri Bunge. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 30. Kila mmoja achague pagale moja la umma kwenye kata yake: zahanati, bweni, soko. Aandike barua kwa adabu: lilianza lini, limekula shilingi ngapi, limesimama kwa nini. Aipeleke kwa mkono, agongewe muhuri wa kupokelewa, abaki na nakala. Wasipojibu, nao huo ni ushahidi. Na ripoti ya CAG ikitua bungeni kila Aprili, tuisome wenyewe, tusisubiri vipande vya WhatsApp.

La mwisho, na hili ni letu wenyewe. Siku tukishika dola, tutayakuta mapagale, na tutatamani sana kusema "simamisha" kwa mdomo. Sheria ninayoidai leo naidai itufunge na sisi.

Barua za kwanza tuzilete kikao kijacho. Yangu nimeshaiandika.