Pima Kazi Kwanza, Mashine Baadaye

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na vikundi vya usindikaji wa mpunga, Kata ya Puge



Niseme mapema kwamba mimi si mhandisi. Kazi yangu ni kupasha habari. Lakini kila msimu wa maombi ya mikopo isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, hukutana na swali moja: "Tununue mashine ipi?" Nimelipeleka swali hilo kwa mafundi, nimesoma majedwali ya watengenezaji, na leo naleta nilichojifunza kwa lugha tunayoielewa sote.

Kifaa tutakachokizungumzia ni kisukumio cha umeme. Ni kifaa kifupi chenye mota, reli na kitoroli kidogo juu ya reli hiyo. Mota ikizunguka, kitoroli huenda mbele na kurudi nyuma katika mstari ulionyooka. Mafundi hukiita akchueta. Katika viwanda vikubwa husukuma chupa, hufungua milango ya matangi na kupanga maboksi. Kwetu kinaweza kufanya kazi moja yenye faida: kuondoa kifuko cha mchele wa kilo moja chini ya mdomo wa kujazia na kukipeleka kwenye mashine ya kuziba.

Wengi wakifika dukani huuliza, "Kipi chenye nguvu zaidi?" Swali hilo limevipotosha vikundi vingi. Nguvu ni kipimo kimoja tu kati ya kadhaa, na katika kazi yetu si cha kwanza.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya pwani na bara walibeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Uzito huo haukuwa kipimo cha kile ambacho mwanamume aweza kukiinua mara moja mbele ya watu. Ulikuwa mzigo ambao angeweza kuubeba leo, kesho na keshokutwa, hadi mwisho wa safari. Mashine nayo ichaguliwe hivyo.

Tuanze na kazi yenyewe. Chukulieni kikundi kinachotaka kufungasha tani moja ya mchele kwa saa. Kikifungasha katika magunia ya kilo 25, hayo ni magunia 40, gunia moja kila dakika moja na nusu. Kwa mwendo huo hamhitaji kisukumio. Meza yenye roli na kijana mmoja vinatosha, na fedha ya mkopo ifanye jambo jingine. Lakini tani hiyohiyo ikifungashwa katika vifuko vya kilo moja, ni vifuko 1,000 kwa saa, kimoja kila sekunde 3.6. Hapo mkono wa binadamu huchoka. Mkono uliochoka ukiwa karibu na bamba la moto la kuzibia, vidole huungua. Hapo kisukumio kina sababu ya kununuliwa.

Kipimo cha kwanza ni umbali. Tuseme kutoka mdomo wa kujazia hadi mahali pa kuziba ni sentimita 15. Msinunue kifaa cha sentimita 15 kamili, kwa maana kitoroli hakipaswi kugonga mwisho wa reli kila mara. Acheni nafasi pande zote mbili. Cha sentimita 20 kitafaa.

Kipimo cha pili ni nguvu. Hapa chukueni mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Wekeni kifuko juu ya bamba kitakapoteleza, kifungeni kwenye ndoano, vuteni polepole kwa usawa, kisha msome mizani kinapoanza kusogea. Mara nyingi kuburuta huhitaji nguvu ndogo kuliko kuinua. Kifuko cha kilo moja kikihitaji mvuto wa nusu kilo, ongezeni kidogo kwa ajili ya kuanza mwendo na uzito wa kitoroli, kisha wekeni akiba. Mtafika kwenye nguvu ya kilo mbili hivi. Katika majedwali nguvu huandikwa kwa nyutoni. Kilo moja ya mvuto ni karibu nyutoni 10, kwa hiyo ninyi mnatafuta nyutoni 20, wala si 1,000.

Kipimo cha tatu ni kasi, na hapa ndipo mwenye kupenda nguvu hunaswa. Vipo visukumio vya bei nafuu vinavyosukuma kilo 100, lakini huenda sentimita moja tu kwa sekunde. Vimetengenezwa kwa kuinua vitanda vya wagonjwa na kufungua madirisha mazito. Kifaa cha namna hiyo kitatumia sekunde 15 kwenda na 15 kurudi. Hivyo ni vifuko viwili kwa dakika, 120 kwa saa, na tani yenu itachukua zaidi ya saa nane badala ya moja. Kifaa hakikuharibika wala muuzaji hakudanganya. Mnunuzi ndiye aliyenunua nguvu alipohitaji mwendo. Kwa kazi yetu safari ya kwenda imalizike kwa sekunde 0.8 na ya kurudi vivyo hivyo, yaani wastani wa karibu sentimita 19 kwa sekunde.

Kipimo cha nne ni uwiano wa kazi na pumziko. Kila mota hupata joto. Kisukumio chetu kitatembea sekunde 1.6 katika kila sekunde 3.6, yaani asilimia 44 ya muda wote. Jedwali likisema kifaa kinaruhusiwa kufanya kazi asilimia 25 ya muda, maana yake kikifanya kazi dakika moja, kinataka kupumzika tatu. Mkikilazimisha, kitaungua, na rejesho la mkopo halitasubiri mota mpya.

Kipimo cha tano ni umri, ambao watengenezaji wengi huuandika kwa kilomita. Mkifanya kazi saa nne kwa siku, ni vifuko 4,000. Kila kifuko ni sentimita 30 za kwenda na kurudi, hivyo kitoroli hutembea kilomita 1.2 kwa siku. Baada ya siku 1,000 za kazi kitakuwa kimetembea kilomita 1,200, ambao ndio urefu wa njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, bila kutoka juu ya meza yenu. Muulizeni muuzaji: kifaa hiki kimekusudiwa kutembea kilomita ngapi kwa mzigo wetu?

Kipimo cha sita ni mahali mzigo unapokaa. Anayebeba maji kwa mzegazega anajua kwamba ndoo zikilingana, bega hustahimili. Ndoo moja ikizidi, mwili wote hupinda. Mkifunga mkono mrefu wa kusukumia pembeni mwa kitoroli, reli hupindwa namna hiyo na kuisha upande mmoja. Mkono uwe mfupi, na msukumo upite karibu na mstari wa reli.

Sasa tuangalie kilichomo ndani. Namna ya kwanza huendeshwa kwa mkanda, kama ule wa mashine ya kukoboa ila ni mdogo na wenye meno. Huenda kasi na hufaa safari nyingi za mzigo mwepesi. Ya pili huendeshwa kwa skrubu ya kawaida: ni ya bei nafuu, mara nyingi hushikilia mzigo umeme ukikatika, lakini husuguana na kupata joto, hivyo haipendi kazi mfululizo. Ya tatu ni skrubu yenye gololi ndani yake: ina nguvu, husimama mahali sahihi na hudumu, ila bei iko juu. Tena, kwa kuwa huteleza vizuri, ikiwa imesimama wima na umeme ukakatika, mzigo waweza kushuka wenyewe. Kwa sababu hiyo kifaa chochote cha kuinua kiwe na breki, na mtu asiweke mkono chini yake. Kwa vifuko vyetu vinavyosukumwa kwa usawa, mkanda unatosha.

Yapo mambo mawili ya mazingira yetu ambayo jedwali lililoandikwa ng'ambo haliyafahamu. La kwanza ni vumbi. Pumba za mpunga zina silika nyingi, madini yaleyale yaliyomo katika mchanga. Zikiingia kwenye reli yenye grisi huwa kama msasa. Tazameni herufi IP katika jedwali: tarakimu ya kwanza baada yake ni kinga dhidi ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Kifaa kisicho na kifuniko msikiweke karibu na kinu cha kukoboa, na chumba cha kufungashia kitenganishwe. Grisi iwe ile inayoruhusiwa karibu na chakula.

La pili ni umeme. Visukumio vingi vidogo hutumia volti 24 kupitia kibadilishi, kwa hiyo havihitaji njia tatu. Wekeni kifaa cha kulinda kupanda na kushuka kwa umeme. Hakikisheni pia kwamba umeme ukirudi baada ya kukatika, kitoroli hakianzi chenyewe bali kinasubiri mtu abonyeze kitufe. Kitufe chekundu cha kusimamisha kiwe mahali ambapo mkono wa mhudumu unafika bila yeye kusogea, na njia ya kitoroli iwe na kizuizi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 hailindi wafanyakazi wa migodini na viwanda vya mijini peke yao.

Nikumbushe pia kwamba kisukumio hakipimi uzito. Kifuko kilichoandikwa kilo moja kiwe kilo moja kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo.

Ndugu zangu, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuja na bei ya mashine, njooni na karatasi moja yenye mistari minane: uzito wa mzigo, mvuto mliousoma kwenye mizani, umbali, sekunde za kwenda na kurudi, idadi ya vifuko kwa saa, saa za kazi kwa siku, hali ya vumbi, na aina ya umeme. Mwisho wa karatasi andikeni nani atakayekifunga na kukitunza, na vipuri vitapatikana wapi. Ipelekeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata pamoja na andiko lenu, kisha mwombeni fundi wa SIDO au wa VETA aipitie. Muuzaji akishindwa kujibu mistari hiyo minane, tafuteni mwingine.

Na ikiwa karatasi itaonyesha kwamba hamhitaji kisukumio, bali meza ya roli na mizani nzuri, msione haya. Mkopo huu ni fedha ya wananchi wenzenu wa wilaya hii. Ukirejeshwa, kikundi kingine kitaupata.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.