Angalia kwanza, kisha taja jina



Kitabu cha Mezali, sura ya 6, kinamtuma mvivu kwa chungu. Mara nyingi tunahubiri juu ya bidii ya chungu, tunaishia hapo. Lakini yule mvivu anaambiwa kwanza aziangalie njia zake. Kuangalia nako ni kazi.

Kijana mwenye telefone anaweza kuijaribu kazi hiyo porini, pembeni ya mji wetu wa Lubumbashi. Akimwona chungu, asimshike. Apige foto tatu: moja ya ubavuni, moja ya kichwa, moja ya mgongo kutoka juu. Karibu naye aweke njiti ya kiberiti ili ukubwa ujulikane. Aandike siku, mahali, na kile chungu alichokuwa akifanya. Asubuhi na mapema kuna baridi, chungu hawana mbio sana.

Kisha aangalie foto zake. Chungu ana kiuno chembamba chenye kifundo kimoja au viwili, na papasi zake zimekunjika kama kiwiko. Mchwa ana kiuno kinene, na papasi zake ni kama uzi wa ushanga. Wengi humwita mchwa “chungu mweupe”, kumbe ni ndugu wa mende! Vile vichuguu vikubwa tunavyochimba udongo wa matofali vilijengwa na mchwa. Na inswa tunazokula mvua zikianza ni mchwa wenye mabawa.

Kuna pia chungu wakubwa weusi wanaotembea kwa mstari. Ukiwasumbua wanatoa sauti na kuchoma vikali. Watu huwaona, wakasema, “Hawa ni wabaya,” wakawamwagia maji ya moto. Wataalamu wanawaita Megaponera analis. Chakula chao ni mchwa. Mwaka 2017, wataalamu waliowachunguza huko Côte d’Ivoire walieleza kwamba baada ya vita na mchwa, chungu hao huwabeba wenzao walioumia na kuwarudisha nyumbani. Baadaye wengi wao hupona na kurudi kazini. Mwenye kuwatazama kwa mbali anaona ukali tu. Aliyechuchumaa na kungoja ndiye aliyeona huruma.

Wandugu, tukikosea jina la chungu, chungu hapotezi kitu. Lakini katika mitaa yetu kuna mtoto anayeitwa mlozi. Kwa nini? Anakojoa usiku, anaanguka kifafa, mama yake amekufa, baba amepoteza kazi. Nani alimwangalia vizuri kabla ya kumpa jina hilo? Nani alimpeleka hospitali? Nani alimwuliza kama amekula? Jina hilo linamtupa mtoto barabarani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumsingizia ulozi. Na sisi tunaosoma Maandiko tusingoje polisi watukumbushe.

Basi juma hili, chukua mtoto mmoja wa nyumbani kwako, mwende porini. Chuchumaeni pamoja mbele ya chungu, mpige foto, mhesabu vifundo, mbishane kwa upole mpaka mpate jina. Mkiwa mmeinama hapo, mwangalie na mtoto vilevile. Atakuambia mengi.

Mungu atupe macho ya kuangalia kabla ya kinywa cha kuhukumu. Amina.