Mhogo na Nduguye wa Porini

Hotuba kwa walaji wa mihogo wa Kibaha na Kisarawe



Katika soko moja la Kisarawe, mama mmoja aliugeuzageuza mhogo mkononi, kisha akaniuliza: "Mwanangu, nasikia mbegu hizi mpya zimechanganywa na mti wa porini. Niwapikie wajukuu kweli?" Swali lake ni la haki, na mlaji anastahili jibu kamili.

Jibu linaanzia Amani, mkoani Tanga. Mihogo ya Afrika Mashariki ilikuwa ikishambuliwa na batobato, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1894. Mwaka 1936, H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani akaeleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, unaoweza kuozesha mizizi ardhini huku shina likionekana zima. Mihogo iliyokuwapo haikuwa na kinga ya kutosha. Yeye na mwenzake, R. F. W. Nichols, wakaitafuta kinga hiyo kwa ndugu wa mhogo, ukiwamo mpira wa Ceara, mti wa asili ya Brazili uliopandwa mashambani wakati wa Wajerumani kwa ajili ya utomvu wake.

Chavua ya mmoja ilipelekwa kwenye ua la mwingine. Mche uliozaliwa ulikuwa na kinga, lakini mizizi yake haikufaa chakula. Ukarudishwa kuzalishwa na mhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi mizizi ikanenepa na kinga ikabaki. Kazi hiyo ilihitaji maua, macho makini na miaka mingi ya subira; hakuna kinasaba kilichopandikizwa maabara.

Uzao wa Amani ulifika Nigeria, ukawa mzazi wa mbegu nyingi za taasisi ya IITA. Batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda miaka ya 1990, mbegu za ukoo huo zilisaidia kurudisha chakula mezani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta urithi wa mpira katika mihogo mingi ya Afrika. Basi yamkini mama yule amekwisha kuwapikia wajukuu mhogo wa ukoo huo, nao wakashiba.

Yako, hata hivyo, mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, uchungu. Mhogo wowote, wa kale au mpya, una asili ya sumu ya sayanidi, na ule mchungu huwa nayo zaidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo baada ya kula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha. Menya, loweka, kausha, pika hadi uive. Mhogo mchungu usitafunwe mbichi.

Pili, madoa ya kahawia ndani ya mzizi. Virusi vya michirizi havimwambukizi binadamu, ila sehemu iliyooza haifai kuliwa. Kabla ya kulipia fungu, mwombe muuzaji akate mzizi mmoja muutazame pamoja.

Tatu, pingili za kupanda. Wengi wetu hununua mhogo sokoni na kupanda mwingine nyuma ya nyumba. Pingili zinazookotwa katika shamba lenye ugonjwa hubeba ugonjwa huo, hata kama mbegu yake ilisifiwa kwa kinga, kwa maana kinga hupunguza madhara tu, haiyaondoi yote. Nunua kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, udai lebo, uitunze pamoja na risiti. Ukiwa na shaka juu ya aina ya mbegu, kituo cha TARI Kibaha kiko jirani nawe.

Mama yule nilimjibu kwa ufupi: wapikie, ila kwanza ukate mmoja utazame ndani. Akakata. Ulikuwa mweupe.