Lumbesa au Tenga: Tufungashe Vipi Majalada ya Kompyuta?

Mada kwa watunza kumbukumbu wa Mbeya na Iringa



Anayenunua viazi Uyole anajua kuwa lumbesa hubeba vingi, ila kukiona kiazi cha chini sharti alimwage gunia zima. Nyanya za Ilula hazifungwi hivyo. Hupangwa kwenye matenga, na tenga moja likipondeka mengine hufika salama. Mafaili tunayotumiana kati ya masjala zetu nayo yana lumbesa na matenga yake.

Lumbesa ni 7z, aina ya kifurushi cha mafaili iliyobuniwa na Igor Pavlov. Kwa kawaida huunganisha mafaili mengi kuwa mkondo mmoja, kisha ikaubana mkondo huo. Maandishi yanayofanana hupungua sana kwa njia hii, lakini sehemu moja ikiharibika, mafaili yanayofuata huweza kwenda nayo. ZIP, aliyoibuni Phil Katz mwaka 1989, ni tenga: kila faili hubanwa peke yake, na lina namba yake ya kuhakiki kama limefika zima.

Niliwahi kuletewa flashi kwa basi kutoka Mbeya, ndani yake ZIP ya barua za zamani zilizoskaniwa. Aliyenakili aliichomoa flashi kabla kazi haijaisha. Kompyuta ikagoma kulifungua faili, kwa kuwa orodha ya yaliyomo kwenye ZIP hukaa mwishoni, na mwisho wenyewe haukuwepo. Nikaendesha programu ya kurekebisha. Ikapita humo ikitafuta mwanzo wa kila barua, na zote zilizokuwa zimeshaingia nikazipata, isipokuwa ile iliyokatwa katikati. Ingekuwa 7z iliyokatika vile, sidhani kama ningeambulia kitu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mali yetu kubwa ni skani. Picha ya JPEG imekwisha kubanwa tangu inapohifadhiwa. Ukiibana tena, kwa 7z au kwa ZIP, haipungui kwa kiasi cha maana. Basi hatari ya lumbesa tunaibeba bure. Anayetaka mafaili madogo aanzie kwenye mipangilio ya skana.

RAR ya Eugene Roshal, ya mwaka 1993, nakiri ina kitu kizuri: huweza kuwekewa akiba ya kurekebisha sehemu zilizoharibika. Hata hivyo, programu ya kuitengeneza ni ya kulipia, wakati ZIP hufunguka kwenye Windows tangu XP bila kuongeza chochote. Kompyuta ya kata isiyo na bando ndiyo ninayoifikiria hapa. Tusiwatumie wenzetu kufuli bila ufunguo.

Majalada ya watumishi nayaweka kando. ZIP yenye neno la siri bado huonyesha majina ya mafaili yaliyomo, na jina la faili letu mara nyingi ni jina la mtu. Usimbaji wake wa zamani, tena, ulikwisha kuvunjwa tangu 1994. Kwa kuwa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa majalada haya natumia 7z, ambayo huweza kuficha hata majina. Programu yake ni ya bure. Iwekwe kwenye flashi hiyo hiyo. Neno la siri litajwe kwa simu, kwa mpokeaji mwenyewe, wala lisiandikwe juu ya bahasha anayokabidhiwa kondakta.